Kutoka dawati la ajira hadi meza ya mashauriano

Watu wengi wanaoketi mbele ya dawati langu kwa mara ya kwanza huanza kwa maneno yale yale: "Kazi yoyote tu, mama." Katika miaka yangu ya ushauri wa ajira sijakutana na jibu gumu kuliko hilo, kwa kuwa hakuna mwajiri anayetafuta mtu wa kazi yoyote. Mwajiri anatafuta mtu wa kupokea mzigo, wa kusoma mchoro, wa kukaa na mgonjwa usiku kucha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mazungumzo ya kwanza huiendea shughuli ambayo kwa nje haionekani kuwa msaada, nayo ni kumsaidia mtu ataje anachokijua.

Nakumbuka bwana mmoja aliyejiandikisha kama kibarua wa ghala. Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja tu. Nilipomwomba anisimulie siku yake ya kazi tangu anapoingia getini, alieleza kwamba alikuwa akilinganisha hati za mzigo na vitu vilivyoshushwa, akiendesha foklifti, na kila mwisho wa mwezi akihesabu mali iliyobaki na kumwandikia msimamizi wake upungufu. Kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kazi ya mtunza ghala bila kupewa cheo hicho wala cheti. Tuliandika wasifu wake upya, mstari kwa mstari, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akasoma kwenye karatasi thamani ya kazi aliyokuwa ameifanya.

Upande wa pili wa dawati yuko mwajiri, naye anahitaji kusikilizwa kwa uangalifu ule ule. Nafasi inapoletwa ofisini ikiwa na masharti ya stashahada na uzoefu wa miaka mitano, huwa nauliza maswali mawili: huyu mtu atafanya nini asubuhi ya siku ya kwanza, na aliyeondoka alikuwa na sifa gani? Si mara moja wala mbili nimeambiwa kwamba aliyeondoka hakuwa na stashahada na alifanya kazi vizuri sana. Sharti linapolegezwa kwa namna hiyo, watu kama yule bwana wa ghala huingia kwenye orodha ya usaili. Lakini uaminifu unadai pia nisimpelekee mwajiri watu thelathini kwa nafasi moja ili takwimu za ofisi zipendeze, kwa sababu mwajiri aliyepotezewa wiki nzima kwa usaili usio na tija hatatuletea nafasi nyingine, na atakayeumia ni mtafuta kazi wa kesho.

Wajibu huu wa pande mbili una msingi wake katika sheria ya kimataifa. Mkataba Na. 88 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa San Francisco mwaka 1948, unaitaka kila nchi iliyouridhia iwe na huduma ya ajira ya umma isiyotozwa malipo, inayowasaidia wafanyakazi kupata kazi inayowafaa na waajiri kupata wafanyakazi wanaowafaa. Mkataba unataja hata shughuli za dawatini: kuwaandikisha watafuta kazi, kuzingatia ujuzi, uzoefu na matakwa yao, kuwahoji, kuwasaidia kupata mwongozo wa kazi au mafunzo, na kupata kutoka kwa mwajiri maelezo kamili ya nafasi iliyo wazi. Neno "matakwa" limo humo kwa makusudi, na mimi huwakumbusha maafisa wapya kwamba kuuliza mtu anataka nini si hisani wanayomfanyia.

Msaada wenyewe hutofautiana kulingana na umbali uliopo kati ya mtu na kazi. Fundi mwenye cheti na uzoefu wa karibuni mara nyingi anahitaji taarifa tu na simu moja ya kumuunganisha. Mwingine anahitaji mafunzo mafupi au uanagenzi. Aliyekaa nje ya ajira kwa muda mrefu anahitaji mshauri mmoja anayemfahamu, asiyebadilishwa kila mwezi, ambaye ataendelea kumpigia simu hata baada ya kupata kazi, maana wengi huacha kazi katika wiki za mwanzo kwa mambo yanayotatulika, kama vile usafiri wa alfajiri au malezi ya mtoto.

Hadi hapo mambo yote yanaweza kufanyika ndani ya ofisi. Yapo mengine ambayo ofisi haiwezi kuyaona ikiwa peke yake, na kwa hayo meza ya mashauriano ni ya lazima. Ibara ya 4 ya mkataba huo inaagiza kuwepo kwa kamati ya ushauri ya kitaifa, moja au zaidi, na pale inapohitajika kamati za mikoa na za maeneo, ambamo waajiri na wafanyakazi wanawakilishwa kwa idadi sawa. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mwaka 1948, kwani Mkataba Na. 2 wa mwaka 1919 ulikwisha kutaka kamati za namna hiyo. Nchini Ujerumani mamlaka ya meza hii yanazidi ushauri: bodi ya Shirika la Ajira la Shirikisho, lenye makao yake makuu Nuremberg, ina wajumbe 21, saba wa wafanyakazi, saba wa waajiri na saba wa taasisi za umma, nayo inasimamia uongozi wa shirika na kupitisha bajeti.

Nitoe mfano wa kikao kimoja cha kamati kama hiyo nilichohudhuria. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tumepeleka wachomeleaji kwenye nafasi zilizoombwa na karakana mbalimbali, na kumbukumbu zetu zilionyesha kwamba wengi walirudi bila kuajiriwa. Sisi maafisa tulidhani ujuzi wao ulikuwa pungufu, na tayari tulikuwa tunaandaa pendekezo la kozi ya marudio. Katika kikao, mjumbe wa chama cha wafanyakazi alieleza kwamba baadhi ya karakana zilikuwa zikiita watu kwa "majaribio" ya siku nne au tano bila malipo, kazi ikikamilika wanaruhusiwa kuondoka. Mjumbe wa waajiri hakukanusha. Alisema kwamba jaribio ni la lazima, kwa sababu cheti hakionyeshi kama mkono umetulia, lakini akakubali kwamba fundi mzoefu huutambua mshono mzuri wa kuchomelea kwa saa mbili. Wawili hao ndio waliotunga kanuni: jaribio lisizidi saa chache, na kinachozalishwa baada ya hapo kilipwe kwa kiwango cha kazi hiyo. Fomu yetu ya kupokea nafasi ikaongezwa mstari unaouliza muda wa jaribio na malipo yake. Kozi ya marudio hatukuiandaa tena, na fedha zake zikaelekezwa kwa waliohitaji mafunzo kweli.

Ruzuku ya mshahara nayo huonyesha umuhimu wa meza hiyo. Serikali inapomlipia mwajiri sehemu ya mshahara ili amwajiri mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi, mwajiri huona nafuu iliyo halali, lakini chama cha wafanyakazi huuliza kama mtu huyo anaingia kwenye nafasi mpya au anachukua nafasi ya mwingine aliyekuwa akilipwa mshahara kamili. Maswali yote mawili ni ya haki. Mpango uliotungwa bila kuwasikiliza wote wawili ama utasusiwa na waajiri kwa wingi wa makaratasi, ama utawatoa watu kazini kwa mlango wa nyuma.

Lipo pia suala la mgomo, ambalo watafuta kazi huniuliza kwa hofu. Pendekezo Na. 83 la mwaka 1948, linaloandamana na Mkataba Na. 88, linaitaka huduma ya ajira isiegemee upande wowote pale nafasi inapotoka mahali penye mgogoro wa kazi unaoihusu nafasi hiyo, na isimpeleke mtu kwenye kazi yenye ujira au masharti yaliyo chini ya sheria au desturi ya kazi hiyo. Uingereza ilikwisha kuligusa jambo hili katika sheria ya mwaka 1909 iliyoanzisha vituo vya kazi vilivyofunguliwa Februari 1910: mtu aliyekataa nafasi kwa sababu ya mgogoro wa kazi, au kwa kuwa ujira ulikuwa chini ya ule wa kawaida katika fani yake, hakupaswa kunyimwa haki kwa kukataa huko. Bila ulinzi huo, dawati la ajira lingegeuka kuwa fimbo mikononi mwa upande mmoja.

Mashauriano ya kweli huanza kabla rasimu haijakamilika. Nimeona makabrasha yakigawiwa wajumbe asubuhi ya kikao, saini zikichukuliwa mchana, na taarifa ikisema wadau wameshirikishwa. Hayo si mashauriano, ni mahudhurio. Wajumbe wapewe takwimu za nafasi zilizoletwa, zilizojazwa na zilizokataliwa wiki kadhaa kabla ya kikao, na ofisi iwajibu kwa maandishi pale inaposhindwa kufuata ushauri wao. Taarifa binafsi za watafuta kazi, kwa upande mwingine, hazina nafasi kwenye meza hiyo hata kidogo.

Swali linaloniumiza kichwa zaidi kwa sasa ni la wasiokuwa na mjumbe. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 yanaonyesha kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote walio kazini duniani, wamo katika ajira isiyo rasmi. Wengi wao hawamo katika chama cha wafanyakazi, na wanaowapa kazi hawamo katika chama cha waajiri. Pendekezo Na. 204 la shirika hilo, la mwaka 2015, linavihimiza vyama hivyo vifikirie kufungua uanachama na huduma zao kwa watu hao. Wakati hilo likisubiriwa, tunachoweza kufanya ofisini ni kuwaalika viongozi wa vyama vya ushirika na vikundi vya mafundi katika vikao vya kamati za maeneo, kuwapa nafasi ya kuzungumza mwanzoni badala ya dakika kumi za mwisho, na kuandika waliyoyasema kwa majina ya kazi wanayoyatumia wao. Yule bwana wa ghala angekuwa na mengi ya kuieleza kamati.