Hekaya ya sarafu ni nini?

Hekaya ya sarafu ni kisa kinachobandikwa kwenye sarafu fulani na kuipa asili, thamani au nguvu ambayo sarafu yenyewe haina ushahidi nayo. Kisa hupita mdomo kwa mdomo, hakina mwenyewe, na kila anayekisimulia alikisikia kwa mtu anayemwamini. Hekaya si utapeli, ingawa tapeli huitumia akiikuta. Tapeli anajua anachofanya; msimulizi wa hekaya anaamini, na ndiyo maana huwezi kumkasirikia. Si uvumi pia. Uvumi wa leo unaweza kufa kesho kutwa, lakini kuna hekaya za sarafu ambazo zimeshawazika waliozianzisha, na wajukuu wao bado wanazisimulia.

Hapa Lubumbashi, Kongo, niliifahamu maana ya neno hili mezani kwa baba yangu mkubwa, mtaa wa Kamalondo. Alileta kopo la maziwa ya unga, akalifungua taratibu kama mtu anayefunua chungu cha dawa, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa falanga mbili za mwaka 1943. Anayeijua sarafu hiyo haisahau. Ni ya rangi ya njano, ina pembe sita badala ya kuwa duara, na tembo anatembea katikati, amezungukwa na maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi.

“Angaria muzuri, mwana,” akaniambia. “Hii haiko mukuba.”

Kwetu mukuba ni shaba. Kisa chake kilikuwa hivi: wakati wa vita Waamerika walikuja kuchukua uranium ya Shinkolobwe, na kwa kuwa hawakutaka dunia ijue, walilipa kwa siri, kwa dhahabu iliyopigwa kuwa sarafu za pembe sita. Baadaye Wabelgiji waligundua, wakaanza kuzirudisha kimyakimya. Eti hadi leo yuko mzungu hotelini mjini anayelipa bei ya gari kwa moja. Nani amemwona huyo mzungu? Shemeji wa jirani yake mmoja, wa mtaa wa Katuba.

Kinachonifurahisha ni kwamba nusu ya kisa ni kweli kabisa. Ubelgiji ilivamiwa na Wajerumani Mei 1940, na Kongo, koloni lake, ikawa haiwezi tena kutegemea Brussels kwa sarafu zake. Kwa hiyo falanga mbili za 1943 zilipigwa Marekani kweli, katika kiwanda cha Philadelphia. Uranium ya Shinkolobwe, kule upande wa Likasi, ilikwenda Marekani kweli, na ilifichwa kweli. Ndiyo iliyolisha mpango wa bomu la atomiki. Mambo mawili ya nchi ile ile, wakati ule ule wa vita, yote ya ajabu. Kuyafunga kamba moja ni kazi ya jioni moja tu ya mazungumzo. Uongo uko kwenye fundo peke yake: sarafu ni shaba njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, na zilipigwa kwa mamilioni.

Tulikwenda kwa sonara anayefahamika na familia. Mzani wake mdogo ulisoma gramu sita, na chembe kidogo. Dhahabu ni nzito zaidi ya mara mbili ya shaba njano. Kipande cha ukubwa ule kingekuwa dhahabu, mzani ungepita gramu 13. Sumaku isingetusaidia, kwa sababu haivuti dhahabu wala shaba njano. Baba mkubwa aliutazama mzani, akamtazama sonara, akafunga kitambaa chake. Hakubisha. Alisema tu kwamba mzani ule ni wa kupimia pete.

Sasa, hadithi ya bei ya gari haikutoka Kamalondo. Mwaka huo huo wa 1943, Marekani ilikuwa imeacha kupiga senti za shaba, kwa sababu shaba ilihitajika kwa risasi na mizinga (na sehemu ya shaba hiyo ilitoka ardhini petu). Senti za 1943 zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, nyeupe, na sumaku inazinasa. Lakini vipande vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilibaki ndani ya mitambo, vikapigwa kwa chapa mpya bila mtu kutambua. Habari ikavuja, na nyuma yake ikaja hekaya: Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, atampa gari jipya yeyote atakayemletea senti ya shaba ya 1943. Watu waliandika barua, walipiga simu, na jibu likawa kwamba hakuna ahadi kama hiyo. Kijana mmoja wa shule huko Massachusetts aliipata moja mwaka 1947, kwenye chenji ya chakula cha shuleni. Kuhusu gari aliambiwa ni porojo, na serikali nayo ilimjibu kwamba senti zote za mwaka ule zilikuwa za chuma. Akaiweka. Baada ya kifo chake, mwaka 2019, sarafu hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 204,000.

Yaani gari lilikuwa hekaya, sarafu ilikuwa kweli, na waliokana walikosea kuhusu sarafu. Ndiyo sababu mkusanya sarafu mwenye uzoefu hacheki haraka anapoletewa kisa. Kazi yake ni kutenganisha mguu uliokanyaga ardhi na ule unaoelea.

Hekaya nyingine hazihusu bei, zinahusu maana. Ya tundu, kwa mfano. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo, ya Leopold II mfalme wa Ubelgiji, ilitoa sarafu ndogo za shaba, za sentimu 1, 2, 5 na 10, zenye tundu katikati. Utaambiwa, tena na watu waliosoma, kwamba tundu liliwekwa kwa sababu Waafrika hawakuwa na mifuko. Kisa hiki kinachekesha na kinatukana kwa pamoja. Ni kweli kwamba watu walizitunga kwenye uzi, kama walivyotunga simbi na shanga zilizokuwa pesa kabla yake. Lakini Wachina walitunga sarafu zao kwenye kamba kwa karne nyingi, wakiwa na mifuko yao. Na Ubelgiji yenyewe, kuanzia 1901, ilitoa sarafu zenye tundu kwa raia wake. Sijawahi kusikia mtu akisema Wabelgiji hawakuwa na suruali. Tundu hupunguza chuma na kumsaidia mtu kutofautisha sarafu kwa vidole, hata gizani.

Na kuna za siasa. Mwaka 1946 Marekani ilitoa sarafu ya senti kumi yenye sura ya rais Roosevelt, na chini ya shingo zikaonekana herufi mbili ndogo: JS. Watu wakasema mkomunisti amejipenyeza kiwandani na kuandika Joseph Stalin. Zilikuwa herufi za mchongaji, John Sinnock. Kabla ya hapo, mwaka 1883, senti tano mpya ilitoka ikiwa na namba V ya Kirumi bila neno “senti”, na wajanja wakaipaka rangi ya dhahabu ili ipite kama dola tano. Hilo lilitokea, na serikali ililazimika kuongeza neno lililokosekana. Ila hekaya haikutosheka na wajanja wasio na jina. Ikamzaa Josh Tatum, bubu, aliyeachiwa na hakimu kwa sababu hakuwahi kutamka kwamba sarafu ni ya dola tano; aliiweka mezani tu na kupokea chenji. Ni kisa kitamu. Ushahidi wa kesi yenyewe ndio haupo.

Turudi nyumbani, maana sisi wa Katanga, jimbo la Lubumbashi, tuna hekaya iliyo nzito kuliko zote, kwa kilo. Ni ya misalaba ya shaba. Kabla ya wakoloni, wafua shaba wa huku walimimina shaba iliyoyeyuka kwenye ukungu wa mchanga na kutoa vipande vyenye umbo la X. Vilitumika kama pesa na kama mali ya heshima. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamevikuta makaburini Sanga, karibu na Ziwa Kisale. Moise Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga mwezi Julai 1960, misalaba mitatu ikawekwa kwenye bendera. Mpaka hapo ni historia. Hekaya inaanza kwa muuzaji: msalaba mmoja ulitosha kuoa, au ulinunua bunduki mbili, au watumwa wangapi sijui. Kila muuzaji ana orodha yake ya bei, na bei hizo hupanda kadiri mteja anavyoonekana ametoka mbali. Misalaba haikuwa na ukubwa mmoja, haikuwa ya zama moja, na thamani yake ilibadilika mahali hadi mahali. Anayekutajia bei moja ya nyakati zote anakuuzia bei ya leo.

Nimeshika mingi. Mpya, inayotengenezwa pamoja na sahani za shaba na vinyago vya malakiti, lile jiwe la kijani, kwa ajili ya wageni, ina kingo zilizopigwa tupa na wekundu wa sufuria iliyosuguliwa asubuhi. Ule wa zamani una uso mmoja wenye chunjuachunjua za mchanga, na kutu ya kijani imeingia kwenye vishimo hata ukucha hauitoi. Siku moja kijana aliniletea wa kijani kibichi kabisa, akaapa kwamba ulitoka kwenye kaburi la mfalme. Nilipoupangusa kwa leso yenye maji, mfalme alibaki kwenye leso.

Katanga hiyo ya kujitenga ilitoa pia sarafu zake, mwaka 1961: falanga moja na falanga tano, za shaba nyeusi, mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili. Halafu ikatoa falanga tano zenye picha zile zile, lakini za dhahabu, gramu 13.33. Hapa hekaya imepata shamba lenye rutuba, kwa sababu ndizi za dhahabu zipo kweli. Kila mwenye ndizi za shaba anaona inawezekana zake ndizo. Za shaba zina karibu nusu ya uzito huo, na mzani unamaliza mjadala kabla ya chai kupoa. Tatizo ni kwamba wengi huanza na ndimu na majivu. Wanaisugua sarafu hadi ing'ae kama dhahabu, na kwa kuing'arisha wanaiharibu. Mkusanya sarafu hulipia ngozi ile ile ya miaka waliyoitoa kwa ndimu.

Kwa nini visa hivi vinashika sana kwetu? Mimi nadhani ni kwa sababu pesa imetufia mikononi mara nyingi. Mwaka 1967 falanga 1,000 ziligeuka zaire moja. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 ziligeuka falanga moja ya leo. Piga hesabu: falanga moja ya 1998 ni zaire za zamani bilioni 300. Hata likuta, sehemu ya mia ya zaire, lilikufa; jina lake tu ndilo tunalitumia tunapouliza kama mtu ana makuta, yaani pesa. Mzee aliyeona akiba ya maisha ikiwa karatasi ya kufungia karanga hawezi kulaumiwa akiamini kwamba angalau kipande kimoja, kile chenye tembo, kiliiweka thamani yake mahali salama na kinasubiri. Kwa mkusanyaji wa Ulaya, hekaya ni kitoweo cha mchezo wake. Kwa baba mkubwa ilikuwa ni kama hati ya kiwanja.

Kwa hiyo ukiletewa kisa, swali la kwanza liwe ni la sarafu: uzito wake, chuma chake, mahali ilipopigwa na mwaka. Swali la pili: nani aliona kwa macho yake? Ukifika kwa shemeji wa jirani, umefika mpakani.

Wiki chache baada ya safari yetu ya kwa sonara nilikuwa sokoni katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nimesimama kwa kambisti mmoja nikibadilisha dola. Kando yetu wanaume wawili walikuwa wakizungumzia falanga za tembo. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba siku hizi imeshathibitishwa: kuna mzee wa Kamalondo alipeleka yake kwa sonara, sonara akaiweka kwenye mzani, na mzani ukashindwa kuipima.