Kuziba pengo la fuvu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa, ubongo ukavimba, huenda akaokolewa kwa kuondolewa kipande kikubwa cha fuvu ili ubongo upate nafasi. Baadaye huitwa hospitalini kuzibwa pengo hilo, na hapo ndipo maneno huanza.

Linalosemwa zaidi ni kwamba kuziba fuvu ni suala la sura tu, kwa hiyo asiye na fedha aachane nalo. Si kweli, na nadhani ndiyo dhana inayowaumiza wagonjwa wengi zaidi. Bila mfupa, mgandamizo wa hewa hulemea ngozi iliyo juu ya ubongo, upande ule ukadidimia kama bakuli, na mzunguko wa damu na wa maji ya ubongo ukavurugika. Wapo wanaoumwa kichwa na kupata kizunguzungu kila wanapoketi, wakilala wakapata nafuu. Wengine mkono wa upande wa pili hulegea au maneno hukwama mdomoni. Madaktari wa upasuaji Grant na Norcross waliandika kuhusu dalili za namna hii tangu 1939. Baada ya pengo kuzibwa, baadhi yao huanza kupata nguvu ndani ya siku chache, ingawa sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuki.

Ndugu nao, wakiona ngozi inapwita, huogopa hata kumwosha mgonjwa kichwa. Jeraha likishapona, kuosha taratibu kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kulalia upande huo na kutembea bila kofia ngumu.

Wengine hudai kwamba kipande cha mfupa hutupwa. Hutupwa kikiwa kimesagika au kimeingiwa na vijidudu. Vinginevyo hugandishwa kwenye jokofu la nyuzi 70 au zaidi chini ya sifuri, au hushonewa chini ya ngozi ya tumbo, ambako mgonjwa huweza kukipapasa mwenyewe. Hata hivyo, mfupa wako si lazima uwe bora kuliko kifaa: ukirudishwa huweza kuliwa na mwili kidogo kidogo, hasa kwa watoto, ukalazimu upasuaji mwingine. Hapo hutumika metali ya titani, simenti ya mifupa au plastiki maalumu. Titani haivutwi na sumaku, basi kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu, kwa kawaida hakizuiwi, mradi wahudumu waambiwe mapema.

Kuhusu muda, kuharakisha si lazima kuwe bora. Wengi husubiri miezi 3 hadi 6, uvimbe uishe na jeraha lipone, japo wapo madaktari wanaoziba mapema zaidi mgonjwa akiwa tayari. Wala kushonwa si mwisho wa safari, kwa sababu uambukizo unaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baadaye, ukianza na tone la usaha kwenye kovu ambalo kila mtu alidhani limepona.