Kukataa samansi hakuzuii kesi

Tangu nianze kusomea usaidizi wa kisheria hapa Moshi, swali hili nimeulizwa Mbuyuni, Pasua, hata ndani ya daladala: "Nisiposaini samansi (karatasi ya wito wa mahakama), kesi si inakufa?"

Haifi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayotumika mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu (mahakama ya mwanzo ina kanuni zake), ililiona hilo zamani. Ukimkatalia mpeleka samansi, anaweza kubandika nakala mlangoni pa nyumba yako, kisha akarudi mahakamani kueleza kwa kiapo alifika lini na alibandika wapi. Mahakama ikiridhika, unahesabiwa umepata taarifa. Hapo kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja, na hukumu ikatoka bila neno lako hata moja.

Kusaini nako si kukiri deni. Ni kuthibitisha tu kwamba karatasi imekufikia. Naomba sana mama zetu na wazee wetu walielewe hili, maana ndilo linalowatisha. Cha kuhesabu ni siku: una siku 21 tangu upelekewe samansi kuwasilisha utetezi wa maandishi. Hukumu ya upande mmoja unaweza kuomba itenguliwe, ila utatakiwa kuonyesha sababu ya msingi ya kutofika. "Nilikataa kusaini" haimo.

Sisi wasaidizi wa kisheria haturuhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Lakini ukituletea samansi mapema, tunakusomea siku hiyohiyo, bila malipo.