"Tutoke saa 12 kamili": dhana zinazowanyima wageni samaki Tanga

"Nahodha, samaki ni alfajiri. Tutoke saa 12 kamili." Karibu kila anayepiga simu kutaka boti ya kuvulia mshipi kwenye mikoko ya Tanga huanza na hilo. Nikimwambia ngoja kwanza nihesabu mwezi, anaona namzungusha.

Simzungushi. Mikokoni samaki hafuati jua, anafuata maji. Maji yakianza kujaa, kamba, dagaa na mikizi wadogo huingia hadi kwenye mizizi kutafuta chakula na maficho. Chewa, changu na kolekole nao huwafuata na kutawanyika humo ndani, ambako mshipi ukitupwa unanasa tu. Maji yakishajaa na kusimama, mgeni hufurahi kwamba bahari imejaa, kumbe ndio wakati mbaya kuliko wote: mkondo hakuna, chambo kinaning'inia. Subiri yaanze kupwa. Vilivyoingia lazima vitoke, na njia yao ni mdomo wa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Ukiona povu na majani makavu ya mkoko yanaanza kusogea kuelekea nje, tupa chambo ukingoni mwa mkondo, penye kina, si katikati. Changu mkubwa hukaa pale pembeni, chakula kimfuate.

Sasa hiyo saa 12. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, hapa kwetu maji hujaa karibu saa 10 alfajiri, yakapwa hadi kama saa 4 asubuhi. Ukitoka saa 12 unakuta yanakimbia nje, vizuri, ila ukichelewa kurudi boti inalala kwenye tope. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu: saa 12 ileile maji ndiyo yanapanda, yanajaa karibu saa 4, na mgeni anataka turudi pwani wakati samaki ndio kwanza wanaanza kula! Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo nipe tarehe, saa nitakupa mimi. Na kama tarehe unaweza kuichagua, chukua siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu: mkondo bado una nguvu, lakini chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, inakaa chini.

"Mikokoni kuna visamaki tu, twende maji makuu." Vichanga hulelewa humo, ni kweli, na ndiyo sababu wakubwa huja kuwinda. Kusi likivuma, huko nje utatapika tu.

"Ndoano kubwa, samaki mkubwa." Hapana. Ndoano ndogo kali yenye kamba hai inashinda lindoano lenye kipande cha ngisi wa barafu. Kamba hai, jamani, kamba hai.

Wapo pia wanaoomba niwavulie silikanti, yule samaki wa kale, kwa kuwa Tanga ina hifadhi yake tangu 2009. Huyo anaishi kwenye majabali ya kina kirefu, na analindwa. Hatumtafuti.

La mwisho ni la uhai: "Bunju akitolewa utumbo analiwa." Bunju ni yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Sumu yake iko hadi kwenye ngozi, moto hauiui, na dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Akinasa kwenye mshipi wako, anarudi majini. Hilo sijadiliani na mtu botini.