Ng'ombe anayerudi Aprili, mwulize Februari

Masika yakianza, simu za wafugaji wa Moshi hufanana: majani yamejaa, ng'ombe kapata mwili, kapandishwa, siku ya 21 karudi tena kutaka dume. Lawama huiangukia mbegu, au mimi mhamilishaji, ninayempandikizia mbegu. Wakati mwingine wana haki. Mtungi wa kugandishia mbegu ukipungukiwa naitrojeni, mbegu hufa. Ila mimi huuliza kwanza: Januari na Februari alikula nini, na saa nane mchana alisimama wapi?

Yai linalotoka leo limekuwa likikomaa ndani ya ovari kwa wiki nyingi. Joto kali likilikuta bado changa, hutoka likiwa dhaifu, hata kama mvua imeshapoza kila kitu. Israeli na Florida wamelipima hili: joto huisha, uzazi hukawia kurudi.

Friesian huanza kuelemewa hewa ikivuka nyuzi 25 hivi. Machame ya juu, kule mlimani, si shida kubwa. Kahe, huku tambarare, ni habari nyingine. Aliyeelemewa hupunguza kula, maana mmeng'enyo nao huzalisha joto. Akiendelea kukamuliwa, hutumia mafuta ya mwili wake, na homoni za uzazi hushuka. Hata dalili za kutaka dume hufifia: badala ya kusimama apandwe kwa saa 12 hadi 18, hupata saa chache, tena usiku, nyumba nzima imelala.

Halafu migomba. Najua kiangazi ndiyo iliyopo kihambani, shamba la nyumbani, lakini zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mgomba ni maji. Hapo, mama, unamnywesha, humlishi! Mabua ya mahindi kutoka tambarare, yakikatwakatwa na kunyunyiziwa molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC, juu yake pumba na mashudu ya alizeti, yatamfikisha kwenye mvua akiwa bado na nyama mgongoni.

Ng'ombe si kama mbuzi wa Ulaya anayengoja siku zifupike. Anaweza kupandishwa mwezi wowote, ila mimi napenda Juni na Julai. Mimba ni siku 280 hivi, kwa hiyo ndama huja Machi au Aprili majani yakichipua, na siku 60 hadi 85 baadaye, wakati wa kumpandisha tena, baridi imeingia. Hasara zipo: maziwa huwa mengi bei ikiwa chini, tope huleta ugonjwa wa kiwele, na miezi ya mwisho ya mimba huangukia kwenye jua la Januari, kwa hiyo kivuli na maji ni lazima. Mwenye mteja wa mwaka mzima, kama hoteli za Arusha, kalenda hii haimfai. Atawanye uzazi na ainue paa la banda.

Kanuni ya kawaida ni dalili asubuhi, kupandisha jioni. Lakini Februari, ukikuta alfajiri ute umekaukia mkiani na hasimami tena, hamu yake ya dume imepita usiku. Usingoje jioni, nipigie hapo hapo.