Mpozeni hapo hapo alipoanguka

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam na mwambao mzima hupata joto lililochanganyika na unyevu mwingi hewani. Unyevu huo ndio unaoponza watu: jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisipokauka haliupozi mwili.

Mwanzoni mtu huchoka, kichwa humuuma, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Akipumzishwa kivulini na kunywa maji, kwa kawaida hupata nafuu. Kiharusi cha joto ni hatari nyingine kabisa. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au kuzidi, na ubongo huanza kuathirika. Fundi aliyekuwa akimwaga zege tangu asubuhi anajibu maswali ovyo, anayumba, anagombana na wenzake bila sababu, kisha anaanguka au kupata degedege. Wenzake hudhani amelewa, au malaria imempanda kichwani. Wengine husubiri kuona ngozi kavu. Wasisubiri! Anayefanya kazi nzito anaweza kupata kiharusi cha joto huku jasho likimtoka.

Mmoja atafute gari la wagonjwa. Wengine wamwingize kivulini, wamvue nguo nzito, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu. Kama hakuna ndoo za kutosha, lowesheni khanga mumfunike, na muiloweshe tena kila inapopata moto. Barafu ikipatikana, iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Akiwa hajitambui asinyweshwe chochote, maji yanaweza kuingia mapafuni. Panadol haisaidii hapa, kwani joto hili si homa. Gari likifika, endeleeni kumpoza njia nzima. Kumpakia akiwa bado anawaka ni kuacha ubongo, figo na ini viendelee kuharibika.

Wasimamizi wa kazi, nawaomba sana: kazi nzito zianze alfajiri, maji yawe karibu, na kibarua mgeni asibebeshwe mzigo wote siku ya kwanza. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza maji. Mtoto asiachwe ndani ya gari, hata dakika chache na vioo vikiwa nusu wazi. Mzee anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo asiziache mwenyewe. Amwone daktari wake kabla joto halijapamba moto.