Je, wajua kwa nini pikapu hujizuia nguvu zake yenyewe?

Kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye pikapu ya kisasa yenye giaboksi otomatiki, kisha sikiliza gia ya kwanza inapoipisha ya pili. Kwa sehemu ndogo ya sekunde injini hunywea, halafu inarudi kwa kishindo. Wengi huanza kushuku mafuta machafu au plagi zilizochoka. Kumbe gari ni zima kabisa: kompyuta yake imepunguza toki kwa makusudi, yaani ile nguvu ya kusokota inayotoka kwenye injini.

Kwa nini mtu aunde injini yenye nguvu kisha aifunge kamba? Jibu liko nyuma ya injini. Tuseme injini inatoa toki ya nyutoni mita 400. Gari linapong'oka kutoka kusimama, toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) huweza kuizidisha karibu mara 2, ikawa 800. Gia ya kwanza yenye uwiano wa 3 kwa 1 inaifanya 2,400, na difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ya 4 kwa 1 inaifikisha 9,600. Weka gia nzito ya fo-bai-fo, inayozidisha tena kama mara 2 na nusu, na hesabu inagonga 24,000 kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Propela shafti, ekseli na meno ya difu ya kuhimili mzigo huo kila siku yangekuwa mazito na ghali mno. Ndiyo maana kompyuta hubana zaidi kwenye gia za chini, na kulegeza kadiri gia zinavyopanda.

Sababu ya pili ni klachi plati, sahani za msuguano zinazoshikana ili gia iingie, zilizo ndani ya giaboksi. Gia ikipanda, mizunguko ya injini lazima ishuke, labda kutoka 5,500 hadi 3,000 kwa dakika, na kazi ya kuishusha huangukia plati hizo zinapoteleza kuelekea kushikana. Kuteleza chini ya mzigo huzaa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi otomatiki. Toki ikipunguzwa kwa muda huo mfupi tu, plati hushikana bila kuungua.

Namna inavyopunguzwa inanivutia sana. Kwenye injini ya petroli, kompyuta huchelewesha cheche. Mchanganyiko unaungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, msukumo unadhoofika, na sehemu kubwa ya joto inatokea ekzosi. Kufunga mlango wa hewa pia hufanya kazi, ila polepole zaidi, kwa sababu hewa iliyokwisha kupita mlango huo bado itaingia kwenye silinda. Cheche hujibu kuanzia silinda inayofuata kuwaka. Dizeli haina cheche, hivyo huko hupunguzwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa.

Sasa tuje kwenye kurekebisha udhibiti huu. Fundi huunganisha kompyuta yake kwenye soketi ya uchunguzi, anasoma programu ya gari, kisha anabadilisha majedwali: kikomo cha toki kwa kila gia, kiasi cha kupunguza wakati wa kubadili gia, na jinsi pedeli inavyotafsiriwa. Kwenye magari haya pedeli haivuti waya tena. Hutuma ombi tu, na kompyuta ndiyo huamua itoe kiasi gani. Vile visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye pedeli hukuza ombi hilo tu. Havizidishi nguvu hata chembe.

Hapa lazima tusemezane ukweli. Kulegeza udhibiti wa toki hakuongezi nguvu za farasi za kilele. Gari likipimwa nguvu kwenye mashine likiwa gia moja, grafu ya nguvu inaweza kubaki vilevile. Unachopata ni kile ulichokuwa umenyimwa: linang'oka upesi na gia zinaingia bila kunywea. Nguvu mpya hasa hutokana na muda wa cheche, mafuta, au presha ya tabo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini.

Kwa maoni yangu, kuzima udhibiti wote ni kosa. Anza kwa kuhakikisha presha ya haidroliki ya giaboksi inatosha kubana plati haraka, kisha punguza makato hatua kwa hatua huku ukifuatilia joto la oili yake. Ukiona gia zinachelewa kushika, rudi nyuma. Ulinzi wa gia nzito ya fo-bai-fo usiuguse kabisa. Huko tairi huteleza kwenye matope, linazunguka kwa kasi, kisha linakutana na jiwe na kushika ghafla. Mzunguko wote uliokuwa umejikusanya unasimama kwa kufumba na kufumbua, mzigo unarudi kwenye shafti, na chuma hukatikia palipo dhaifu zaidi.